Hati ya Uteketezaji

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na wanangu. Mimi sijambo, mafua yameniacha, ingawa sauti bado ni ya chura.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya namna gani, maana mama amewatangazia majirani kwamba nimeajiriwa kuvunja vitu. Hajakosea sana. Kituo cha ushauri nasaha kilicho nyuma ya hospitali kinahama, na kompyuta zake kumi na tisa zimepata mnunuzi. Kazi yangu ni kutia sahihi hati ya uteketezaji, yaani kuthibitisha kwamba siri za wagonjwa zilizokuwamo hazipo tena.

Jumatatu fundi wetu aliniletea hati, akasema amekwisha kufuta kila kitu, nitie sahihi tu, gari la mnunuzi linasubiri. Nilimweleza kwamba kufuta faili ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni: mpita njia atadhani nyumba ni tupu, kumbe mwenyewe yumo ndani, amekaa zake. Alicheka, akawaambia wenzake kwamba Bibi Mashaka, ndilo jina walilonibandika, ameamka tena. Mkurugenzi naye akaniuliza, kwa upole unaotisha, kama ninafahamu ni watu wangapi wanaoitamani nafasi yangu. Nilijibu kwamba ninafahamu, ila jina litakalokuwa chini ya hati ni langu. Huenda kilikuwa kiburi. Hadi leo sijui uaminifu unaishia wapi na ukaidi unaanzia wapi.

Utaratibu wetu unamruhusu mtia sahihi kuchagua diski moja na kujaribu kuyarudisha yaliyofutwa. Nilichagua, mbele yao. Baada ya dakika arobaini mafaili yakaanza kurudi moja baada ya jingine, na fundi akaacha kucheka. Mkurugenzi akaamuru diski zote zing'olewe na kusagwa. Nilisimama kwenye mashine mpaka ya mwisho ikawa chenga. Fundi alinipa mkono, akasema leo Bibi Mashaka kamfunga mdomo. Nilirudi nyumbani kichwa juu, dada, sikufichi.

Ninalokuficha ni hili. Ili nihakikishe kwamba mafaili yanasomeka, nilifungua moja. Lilikuwa lako. Skrini ilinielekea mimi peke yangu, nami nilisoma mistari mitatu kabla ya kuliona jina, nikalifunga. Mshauri ameandika kwamba hupati usingizi, kwamba unalia bafuni bomba likiwa wazi, na kwamba umeomba nyumbani wasijue mpaka mdogo wako amalize mitihani ya chuo kikuu. Mwaka ule uliniamsha kila asubuhi kwa chai na mzaha, nami nikadhani ndivyo ulivyoumbwa.

Nisamehe. Nimetia sahihi kwamba habari zile hazipo tena popote, na huo si ukweli kamili, kwa kuwa zimo kichwani mwangu, na sijui mashine ya kuzisagia. Wala sina hakika kwamba ningeitumia. Nyumbani wamezoea kujivunia msomi wao. Mimi, tangu Jumatatu, najivunia wewe.

Ukipenda tusiliguse, sitalitaja maisha yangu yote. Ukipenda tuzungumze, niite; sasa sina mtihani wowote.

Wabusu wanangu, na shemeji mwambie namsalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Mashaka