Holihoki Chini ya Dirisha

Jumapili, 7 Juni 1998
Nimemwagilia trei ya mbegu kabla ya kwenda kazini. Bado. Udongo mtupu. Bi Edith, mzee ninayemwogesha na kumlisha kila asubuhi, ndiye aliyenipa mbegu. Holihoki, maua marefu ya Kizungu. Mbegu bapa, nyepesi kama magamba ya samaki. Bustani yake naihusudu, maua yamepita kimo cha mlango. Kasema zangu nazo zitaota.

Leo Haroub kaweka kikombe chake cha chai juu ya trei. Juu ya udongo! Mdogo wake mume wangu huyu. Alikuja kwa wiki mbili. Ramadhani imepita, Idi zote zimepita, yupo kwenye kochi langu.

Alhamisi, 18 Juni
Zimeota! Nilipiga kelele jikoni. Binti yangu Rukia akatoka mbio, akatazama, akasema kwa Kiingereza kwamba ni majani tu. Nimemzaa mwenyewe.

Jumamosi, 12 Septemba
Nimehamishia miche nje, mbele ya nyumba, chini ya dirisha, pale ukuta unapopata jua. Mgongo unawaka. Mzizi wa holihoki unashuka moja kwa moja, ukishatulia hautaki kusumbuliwa. Maua mpaka mwakani. Haya, nitangoja.

Koa walianza kula usiku huohuo. Nimewaokota kwa mkono, nikawatupa barabarani. Sina huruma.

Haroub kanunua vani ya kazi yake ya kupaka rangi. Anaiegesha hapohapo mbele. Nimemwambia mume wangu, Seif, amwambie nduguye. Kasema atamwambia.

Jumapili, 4 Oktoba
Hajamwambia.

Jumatatu, 15 Februari 1999
Bi Edith kafariki. Nilifika na funguo zangu kama kawaida, mwanawe akanifungulia mlango, akaniambia palepale kizingitini. Hakunikaribisha ndani. Miaka mitatu nimemkata kucha mama yake. Nikarudi kituoni kungoja basi, kwa hasira hata kulia sikuweza.

Jumanne, 20 Aprili
Nimepita kwa Bi Edith. Nyumba imeuzwa. Bustani yote imemwagwa zege, gari mbili zimesimama juu yake. Hakuna hata jani. Kwa hiyo zilizobaki ni zangu, chini ya dirisha langu.

Nimemweleza Seif. Akasema, "Pole." Kisha akauliza kama kuna mchuzi.

Jumamosi, 12 Juni
Zimenifika begani. Majani ya chini yana kutu, vidoa vya rangi ya chungwa. Nimeyachuma na kuyatia jaani. Nimefunga kila shina kwenye mwanzi. Vitumba vimejaa, vigumu kama bamia changa.

Haroub kaninunia kwa sababu nimepanga matofali mbele ya maua, gurudumu lisiyafikie. "Shemegi, sasa vani nitaiweka wapi?" Nimemwambia barabara ni ndefu. Seif alikuwa anasikia. Akaongeza sauti ya televisheni.

Ijumaa, 9 Julai
Kaziua.

Nimerudi kazini nimekuta matofali yamesogezwa pembeni, yamepangwa vizuri kabisa, na vani imesimama imegusa ukuta. Mianzi imevunjika. Mashina yamelala chini ya gurudumu, yanatoa ute. Hakuteleza, hakukosea. Aliteremka, akatoa tofali mojamoja, akapanda tena garini.

Nimebaki na moja tu, kwenye kona karibu na bomba la mvua.

Seif kasema, "Maua tu hayo, mama Rukia. Utapanda mengine."

Namchukia. Naandika tena ili nisije nikajifanya nimesahau: leo namchukia mume wangu kuliko nduguye.

Jumapili, 11 Julai
Nimepika wali na samaki wa nazi. Nimepakua sahani tatu. Haroub akakaa, akangoja.

"Yangu iko wapi, shemegi?"

Nikamwambia, "Haroub, chakula chako hakipo. Umekula kwangu zaidi ya mwaka na sijakusimanga. Leo nakwambia mbele ya kaka yako: tafuta kwako. Ijumaa nataka kochi langu."

Akamtazama Seif. Seif akatazama samaki. Akacheka Haroub. "Kaka, hii nyumba ya nani?"

Hapo Rukia akaweka kijiko chini. Akasema kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye hata shikamoo naidai: "Ya mama."

Nikala sahani yote.

Ijumaa, 16 Julai
Kaondoka. Kapata chumba Woolwich kwa rafiki yake. Kaubamiza mlango mpaka kioo kikalia.

Jumamosi, 24 Julai
Seif hasemi nami. Anapita jikoni kama anapita kituo cha basi. Na anune. Mimi ndiye mwenye haki ya kununa.

Ile ya kwenye kona imechanua. Ua jekundu la kiza, karibu na weusi. Sikufurahi kama nilivyodhani. Nililitazama, nikamwona Haroub na matofali.

Jumapili, 1 Agosti
Simu kutoka Pemba. Mama mkwe. Nilipokea mimi, nikamwamkia. Hakuitika.

"Umemfukuza mwanangu kwa ajili ya majani?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu Julai. Kali, refu. Nikavuta pumzi. Seif akaja kutoka sebuleni, akanyoosha mkono. Nikampa simu, nikajua nimekwisha, sasa watanisema wote wawili.

Akasema, "Mama, shikamoo. Si yeye. Nimemtoa mimi."

Akamsikiliza. Masikio yamemwiva.

"Ndiyo, mama. Mimi."

Akakata simu, akabaki amesimama, ameelekea ukutani. Sikumshukuru. Bado nina hasira, nitakuwa nayo kwa siku nyingi. Niliteleka chai, nikamimina vikombe viwili, nikakaa. Baadaye naye akakaa.