Njuga Zibaki Ukutani

Runzewe,
Jumatano.

Baba yangu,

Shikamoo. Najua shikamoo hii itakukuta umesimama, maana wewe hukai chini mpaka ng'ombe wa mwisho aingie zizini. Leo tafadhali kaa. Mgongo unaendeleaje? Mama alisema unalima kama kijana mchana, halafu usiku unalalamika kama mzee. Na yule ndama aliyekataa kunyonya, amekubali? Huku mimi ni mzima, Shangazi ni mzima, na mgahawa wake unajaa wachimbaji kila asubuhi. Mvua imekawia. Vumbi ni lile lile jekundu, linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi.

Barua hii nimempa mkononi Mama Pili, jirani yetu wa hapa anayekuja huko Samuye kununua mpunga. Ndiye huyo huyo ambaye ulimwahidi Kocha kwamba utampa njuga zako za ngoma azilete. Ndiyo maana nimeandika. Baba, usimpe. Mpe mpunga, mpe na chai, lakini njuga zibaki ukutani zilipo.

Ningeweza kukuambia kwenye simu, lakini unanijua. Jumapili ulipoongea na Kocha nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, sauti ya simu ameifungulia mpaka wateja wa Shangazi wanasikia. Nikakusikia ukicheka, ukasema, "Hizo njuga zilinipa jina mimi, acha zimpe na binti yangu." Kisha Kocha akanishikisha simu, ukaniuliza, "Umesikia, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Watu wakiniangalia mdomoni, neno linalotoka ni ndiyo. Kwenye karatasi hakuna anayeniangalia.

Sasa nikueleze huyo mtu aliyekuchekesha.

Anauza mabuti ya mpira na tochi za kichwani kwa wachimbaji, pale kona ya soko. Lini alikuwa kocha hakuna anayejua. Siku moja alitokea amevaa filimbi shingoni, na kwa kuwa hakuna aliyemvua, akawa kocha. Sisi wasichana tuliomaliza shule tulikuwa tayari tunakimbia asubuhi kabla ya kazi. Yeye alitukuta tumeshakuwa timu, akatangaza kuwa ametuunda. Hakimbii. Anatufuata nyuma amepakiwa kwenye bodaboda, kandambili miguuni, anapiga filimbi. Tukipanda kilima anapiga kelele, "Hiki si kilima, hiki ni tuta la viazi!" na pikipiki chini yake inakohoa kwa kushindwa kukipanda. Anajua kila kitu kuhusu mbio isipokuwa kukimbia.

Nilimvumilia kwa sababu ndiye anayepeleka majina Ushirombo. Unajua ninachokitaka. Wilaya inachagua wasichana wa mita elfu moja na mia tano, na watakaochaguliwa wataingia kambini. Matokeo ya kidato cha nne bado, na wewe na mimi tunajua kwamba hesabu haikunipenda. Miguu ndiyo kitu changu pekee ambacho nikikitaja sioni haya. Kwa hiyo mtu akisema nifunge kitu miguuni, nafunga.

Alichotufunga ni hiki. Aliona kwenye simu video ya mtu mwenye vizito vya miguuni. Akaenda kwa fundi anayeshona maturubai, akashonesha vifuko, akavijaza marudio, ule mchanga mzito unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishaoshwa. Kila msichana kifuko kimoja kila mguu, juu kidogo ya kifundo, kimekazwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Video yenyewe baadaye alituonyesha, kwa kiburi kabisa. Yule mtu, Baba, amelala kwenye mkeka! Anainua mguu polepole na kuushusha. Hakimbii hata hatua moja. Kocha hakuwa ameitazama mpaka mwisho.

"Wanangu," alituambia, "siku mtakayovua haya mtaruka kama swala."

Limi, rafiki yangu, yule binti wa mama anayechajisha simu za watu hapa mtaani, akasema, "Kocha, mimi nikivua nitashindwa kusimama Ushirombo. Nitatua Kahama."

Tukacheka wote. Siku ile ilikuwa bado inachekesha.

Na ni kweli, ukivua unajisikia mwepesi. Hapo ndipo anapowakamatia watu. Wazazi waliokuja kutazama walipiga makofi kuona tunavyorukaruka tukishafunguliwa, na baba mmoja akasema huo ndio utaalamu. Utaalamu! Mama akitua ndoo ya maji kutoka kisimani naye anajisikia mwepesi, shingo inataka kuruka yenyewe, na hakuna mtu Samuye aliyewahi kumwambia kwamba amekuwa ndege. Siku Kocha alipotupima kwa saa ya simu yake, bila vifuko, Limi alikuwa mzito kuliko alivyokuwa kabla hatujaanza kuvivaa. Kocha akaitazama simu, akaipiga kwenye paja.

"Saa imekufa hii," akasema.

Haikuwa imekufa. Iliendelea kumpa saa za kwenda kula.

Mimi nitakuambia kilichotokea mguuni, maana ni mguu wangu. Ukikimbia, mguu unaurusha mbele halafu unauita urudi. Ukiwa na mzigo pale chini, ukiuita haurudi upesi. Kifuko kinauvuta mbele zaidi ya ulipotaka, kisigino kinaifikia ardhi kabla hujajiandaa, na goti ndilo linalopokea kishindo chote. Nyonga nayo inavuta mzigo juu kama mtu anayevuta ndoo ya kisima kwa kamba fupi. Unaanza kuburuza. Ukivivua, wepesi ni wa dakika chache tu, lakini kuburuza kunabaki. Shangazi, ambaye hajawahi kukimbia ila kumkimbiza kuku, alinitazama siku moja nikiingia uani akauliza, "Wewe, mbona siku hizi unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mumewe?"

Nilimwambia Kocha goti linauma. Nilimwambia kwa sauti yangu hii ndogo, hivyo huenda hakusikia. Alichojibu ni, "Maumivu ni nguvu inaingia."

Basi wiki iliyopita nguvu ikamwingia Limi. Tulikuwa tunashuka kile kilima, vifuko miguuni, Kocha nyuma yetu anapiga filimbi tuongeze kasi. Nilisikia mlio, nikadhani ukanda wa mpira umekatika. Limi akageuka akaniangalia, akasema, "Nani kanipiga teke?" Hakukuwa na mtu nyuma yake. Kisha akakaa chini katikati ya barabara. Ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, Baba, ule ambao kwa mbuzi unapitishia kamba ukimtundika kumchuna. Ulikuwa umechanika.

Kocha alishuka kwenye pikipiki. Akamtazama Limi, akatutazama sisi, na unajua alisema nini? "Watoto wa siku hizi wamelelewa kwa chipsi." Limi hajawahi kula chipsi isipokuwa siku ya kumaliza shule. Aliyembeba ni dereva wa bodaboda, kijana mwenye adabu kuliko abiria wake. Zahanati wakamfunga mguu, wakasema apelekwe hospitali kubwa, na hata akipona asiwaze mbio kwa muda mrefu. Sasa anakaa dukani kwa mama yake, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa, anawarudishia watu simu zao. Utani ameacha. Jana nilimwambia atatua Kahama tu. Akageuza uso.

Ungedhani mtu akishafanya hivyo ataona haya. Kocha aliona kasoro moja tu. Kifuko cha Limi kilipasuka alipoanguka, mchanga ukamwagika. Kwa hiyo, akasema, tatizo ni vifuko. Tunahitaji kitu kisichopasuka. Hapo ndipo akakumbuka kwamba mimi ni mtoto wa mcheza ngoma.

"Njuga!" akasema, kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. "Wasukuma wanacheza na chuma miguuni tangu enzi za mababu. Mnaona miguu yao? Na zinalia. Mvivu nitamsikia nikiwa sokoni!"

Maana yake, Baba, asipande hata pikipiki. Akae kwenye mabuti yake asikilize. Akakupigia simu akakusifu, ukafurahi. Sikulaumu. Mtu akisifu njuga zako mbele ya watu, hata mimi nafurahi. Lakini alikuwa anasifu kitu asichokijua.

Jana nilivua vifuko nikaenda uwanjani miguu mitupu. Akaviona mkononi.

"Kabula, hivyo vinavaliwa mkononi?"

"Nimevua."

"Kwa ruhusa ya nani? Baba yako kacheza na chuma msimu mzima, wewe kamchanga kanakushinda! Huyu si mtoto wa Msukuma, huyu aliokotwa mnadani."

Wenzangu wakacheka. Hata wale wanaochechemea walicheka, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake. Nikaenda mpaka kwenye pikipiki, nikaviweka vifuko juu ya tangi la mafuta, nikasema, "Vaa wewe, Kocha."

"Unasemaje?"

Sauti ilikuwa imeshaniishia. Dereva wa bodaboda, aliyekuwa karibu yangu, akanisaidia kwa sauti ambayo nadhani hata wewe ungeisikia huko:

"Anasema uvae wewe, Kocha!"

Uwanja mzima ukacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Kocha akapuliza filimbi, sijui ya nini. Halafu akasema, "Jumamosi njuga zisipofika, jina lako halifiki Ushirombo." Akapanda, wakaondoka, na vifuko vyangu vikiwa bado juu ya tangi.

Ndipo tulipo, Baba. Ukimpa Mama Pili njuga, Jumamosi nitazivaa, maana nitakuwa nimeamriwa na wewe na Kocha pamoja, na hapo sitaweza kusema hapana. Najijua. Nitasema ndiyo na kushuka nazo kile kilima.

Nisamehe kukufundisha jambo lako. Lakini si wewe uliyetuambia kwamba njuga huzivai nyumbani? Unazibeba kwenye gunia mpaka uwanjani, unazungushia miguu vitambaa kwanza, ndipo unazifunga, na ukishazifunga unasimama na kukanyaga pale pale. Umezivaa miaka yote hiyo na hata siku moja hukuniambia kwamba ulikimbia nazo. Isipokuwa kisa kimoja, na hicho tumekisikia kila mavuno.

Kile cha nyuki. Mlikuwa katikati ya ngoma, nyuki wakashuka, watazamaji wakatawanyika kama punje za mtama. Mwenzako mmoja, yule mrefu mwenye maringo, akatimua mbio na njuga zake miguuni. Hatua chache akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na nyuki wote wakajua pa kwenda, maana alikuwa analiza njuga kila alipokwenda. Na wewe? Wewe ulichuchumaa pale pale katikati ya nyuki. Wakakuuma shingoni, wakakuuma masikioni, watu wanakupigia kelele, "Kimbia, mjinga wewe, kimbia!" Wewe unafungua. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ukamaliza, ndipo ukakimbia, ukampita yule mrefu amelala kifudifudi. Mama akitaka kukuudhi husema ulichuchumaa kwa sababu ya woga. Wewe humjibu, "Mwenye kufungua kwanza ndiye anayefika." Kocha hajui kisa hicho. Ningemwambia, lakini hangekisikiliza mpaka mwisho.

Nimeuliza kuhusu majina. Shangazi alimpigia mwalimu anayeyapokea kule Ushirombo. Anasema si lazima kupitia kwa kocha yeyote. Mzazi anaweza kumwandikisha mtoto wake asubuhi ile ile uwanjani, ila lazima awe mzazi, na lazima awe amesimama pale. Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Goti langu limetulia tangu nivue, na jana baada ya yale yote nilikimbia peke yangu. Sikuruka kama swala. Nilikimbia kama zamani tu, kama nilivyokuwa nikikimbia kutoka shule mpaka kwenye zizi letu, na nilifurahi karibu kulia.

Kwa hiyo usilete njuga. Njoo wewe. Peke yangu siwezi: nikifika mbele ya ile meza wakaniuliza jina langu nani, nitawajibu ndiyo.

Msalimie Mama, mwambie mafuta ya ng'ombe aliyonipa nayapaka gotini na siyo kwenye ugali. Msalimie Bibi wa upande wa juu, anayedai mwanamke akikimbia lazima kuna anayemkimbiza. Mwambie safari hii yupo, ana filimbi. Msalimie Baba Mdogo mchungaji wetu wa ng'ombe, na mdogo wangu Doto, na umwambie nikisikia amefunga mawe miguuni kuniiga, nitakuja mwenyewe kumfungua kwa fimbo. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Nyuki wameshafika, Baba, na watu wananipigia kelele nikimbie. Nimechuchumaa, nafungua kwanza.

Binti yako,
Kabula