Jibu la Msomaji wa Nchi ya Kifuniko

Rhotia, Karatu
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Nashipai,

Takwenya, kwa salamu yetu ya Kimasai. Itika hapo ulipo, hata kama abiria wenzako kwenye tramu watakugeukia. Naulizia kwanza afya yako, na miguu yako inayosimama zamu nzima wodini, na kama Leipzig sasa imepata jua. Huku Juni imeingia na ukungu wake. Mpaka saa nne asubuhi hatuoni mnara wa kanisa. Maharage yameshavunwa, mahindi yanakauka shambani. Bibi yako Hyasinta ni mzima na bado ananigombeza, kwa hiyo ujue nyumba iko salama.

Mimi mwenyewe sitakuficha. Moyo umechoka. Miguu inajaa maji, na vidato viwili vya barazani navipanda kama mtu anayepanda ukingo wa kreta. Daktari wa Karatu alizungumza na Hyasinta pembeni, kisha akaja kwangu akaniambia nile vizuri. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Namjua mtu anayeficha matokeo.

Dadu lako la pande ishirini lilifika, asante sana. Liko mezani kando ya dawa. Hyasinta hulirusha kila asubuhi: likitoka kumi na kuendelea, namaliza uji, likitoka chini ya kumi, namaliza uji vilevile. Nilimuuliza huu ni mchezo gani ambao mtu hashindi hata siku moja. Akajibu, "Wa ndoa."

Nataka kukushukuru, na shukrani yangu ni ndefu, kwa hiyo kaa chini. Miaka miwili iliyopita ulinipigia simu ukaniomba nikusaidie kubuni nchi ambayo wewe na wenzako wanne mtaichezea kila Alhamisi. Ulinieleza kwamba hakuna ubao wala mpira. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu mwingine, wewe unasema kwa niaba ya nchi, hali ya hewa na maadui, na dadu linaamua pale mnapobishana. Nikakwambia hiyo tuliicheza machungani, ila kwetu aliyeamua ni mwenye fimbo ndefu. Tangu siku hiyo nimekuwa mzee mwenye kazi. Hujui hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani kwa mtu ambaye watu walikuwa wanakuja tu kumwangalia kama amelala.

Nchi ya Kifuniko niliitoa kwenye asubuhi za utoto wangu ukingoni Ngorongoro, ukungu unapoijaza kreta mpaka juu na mtu anaapa kwamba anaweza kutembea juu yake. Niliwaza, je, wako watu huko chini ambao ukungu huo haujawahi kuwafunukia? Ndipo tukawapa ng'ombe wenye pembe zinazotoa mwanga, kwa kuwa hawana jua. Wewe ukaongeza mito inayopanda ukutani badala ya kushuka. Mimi nikasema nchi ya ajabu haishiki mpaka watu wake wawe na tatizo la kawaida kabisa, nikakupa hili: barua huanguka kutoka juu, kupenya ukungu, na hakuna ajuaye kusoma isipokuwa mtu mmoja.

Huyo ndiye adui wetu mkuu, Msomaji. Ulitaka awe na mabawa na sauti ya radi. Nilikataa, unakumbuka? Nilikwambia asiwe na chochote cha kutisha. Awe na miwani. Apende watoto. Watu wamletee barua zao kwa hiari, na zawadi juu, naye awasomee uongo kwa sauti ya upole, nao washukuru. Ulicheka ukasema, "Babu, wewe ungekuwa mtu mbaya sana." Nikacheka nawe.

Jumanne iliyopita nikapata ujumbe wako wa sauti kwenye simu ya Hyasinta. "Shikamoo Babu, wamenibana. Wamefika kwa Msomaji. Nilijua watampiga, nimeandaa mapigano ya saa mbili. Yule mchezaji wetu dereva wa tramu akaweka upanga chini, akatoa ile barua ya kwanza kabisa waliyosomewa uongo, akamkabidhi Msomaji, akamwambia, isome tena. Nimewaambia tutaendelea Alhamisi ya wiki ijayo. Msomaji atasema nini?"

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Hyasinta alidhani simu imeharibika.

Sasa nikujibu. Wakati mmoja uliniuliza kwa nini mama yako hutaka kila karatasi isomwe na watu wawili. Barua yako ya kujiunga na sekondari aliisoma mwenyewe, kisha akapita mlangoni kwangu nayo bila kuingia, akapanda gari mpaka Karatu kwa Abdulmajid muuza vitambaa, naye akaisoma tena. Ulidhani ni tabia yake tu. Nilikuacha udhani hivyo.

Baba yetu aliamriwa na wakubwa wa enzi ile atoe mtoto mmoja wa shule. Alifanya kama wazee wengi wa Kimasai walivyofanya: alimbakiza anayemhitaji, akatoa anayeweza kumkosa. Kaka yangu mkubwa, mzazi wa mama yako, ambaye kwa desturi yetu sitamtaja jina kwa kuwa ameshatangulia, alibaki na ng'ombe. Mimi nilipewa daftari. Nilikua nikijiambia kwamba kuna kitu kimoja ambacho mimi ninacho na yeye hana, nacho ni kusoma.

Desemba ya mwaka 1979 alikuja shuleni kwangu kutoka Nainokanoka kwa miguu, na mama yako Nanyokie nyuma yake, ana miaka kumi na minne, mwanafunzi wangu bora aliyetoka kumaliza darasa la saba. Kaka alikuwa na barua ndani ya kopo la ugoro ili isilowe. "Soma, Mwalimu," akasema. Aliniita Mwalimu siku za furaha tu.

Ilikuwa ya Kiingereza, mwandiko wa kuunganisha, kutoka kwa sista mkuu wa shule moja ya wasichana upande wa Kilimanjaro. Nanyokie amefaulu usaili. Kanisa litamlipia yote. Aripoti tarehe kumi Januari.

Niliisoma kimya hadi mwisho. Ninakumbuka hasa nilichowaza: akirudi na Kiingereza, kaka atakuwa na ng'ombe na msomaji wake mwenyewe, na mimi nitabaki na nini? Nikasema, "Wanasikitika. Nafasi zimejaa."

Mama yako alikuwa amesimama begani kwangu. "Baba mdogo, mbona jina langu limo mara tatu?"

"Wanakukataa kwa adabu," nikamwambia.

Kaka akacheka. "Basi, ng'ombe wangu hawajamkataa." Akaniachia barua nimjibu yule sista kwa ajili yake, na wiki ile akaniletea kondoo kwa kazi ya kusoma. Nilimla. Nanyokie aliolewa kabla ya mvua za masika. Kaka alifariki akinishukuru.

Kwa hiyo unaona, mjukuu wangu, sikubuni kitu. Miwani ni yangu. Sauti ya upole ni yangu. Nilijificha ndani ya mchezo wako miaka miwili, nikikufundisha kumtengeneza mtu mbaya kama fundi anayefundisha kazi, na niliona raha kwamba watu wa mbali wanamchukia bila kujua wanamchukia nani. Unisamehe kwa hilo kwanza, maana hilo nimekufanyia wewe.

Jana Jumamosi mama yako alikuja na maziwa, kama kila Jumamosi tangu ahamie huku baada ya kufiwa na baba yako. Nilimwomba Hyasinta asitoke. Nikamwambia achukue daftari langu la mahudhurio la mwaka 1979 juu ya kabati. Barua ilikuwa ndani, imekunjwa vilevile. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza, ila kwa kukatakata, kwa kuwa pumzi hazinitoshi.

Hyasinta alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria na hakujua akiweke wapi. Kisha mama yako akasema, "Neno Januari nililiona, Baba mdogo. Ulinifundisha mwenyewe. Mtu aliyekataliwa haambiwi Januari."

"Kumbe miaka yote hii ulijua?"

"Sikujua. Niliona jina mara tatu na Januari mara moja. Nikabaki nayo."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuniletea maziwa. Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kusoma. Hilo nalo lilitokea."

Halafu akanisogezea barua. "Soma tena. Usiruke kitu."

Nikavaa miwani, nikaanza na tarehe. Nikamtafsiria neno kwa neno: hongera, kufaulu, jina lake mara tatu. Nikafika kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo. Shuka mbili. Ndoo. Jembe. Viatu vyeusi vya kamba. Kioo kidogo.

"Kioo cha nini?"

"Hawakusema."

"Haya. Endelea."

Niliposoma jina la sista mwishoni alinyoosha mkono, nami nikampa barua. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akasema kesho Jumatatu anaipeleka Karatu kwa Abdulmajid, aisome na yeye. Hyasinta alitaka kunitetea. Nikamzuia. Nashipai, sijawahi kuona haki iliyonyooka kama ile.

Hakusema amenisamehe, wala sikumsukuma aseme. Alipofika mlangoni aligeuka. "Chupa ya maziwa nitaichukua Jumamosi," akasema. Kwa ajili ya hiyo chupa nimelala usingizi mzuri kuliko wa dawa zote.

Basi jibu lako ni hili. Alhamisi usimpe Msomaji hotuba, wala machozi. Avae miwani. Aanze na tarehe, asome mpaka jina la mwisho, asiruke kitu. Kisha aitoe barua mkononi mwake aikabidhi kwao, ili wakaitafutie msomaji mwingine. Pale dadu lisirushwe. Wenzako wakitaka kumuua baada ya hapo, waache, ni haki yao. Na huyo dereva wa tramu, mwambie kuna mzee Rhotia anamshukuru kuliko anavyoweza kueleza. Alinipa maneno mawili niliyoyasubiri miaka arobaini na sita bila kujua kama ninayasubiri.

Nakushukuru na wewe, mwanangu, kwa kuniuliza. Ungeweza kuniletea maswali ya dawa na chakula kama wengine.

Kurasa hizi Cresensia wa dukani atazipiga picha akutumie zikuwahi, na karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Atazisoma zote, namfahamu. Nimemwambia asome.

Bibi Hyasinta anakusalimu na anasema uvae soksi. Mjomba wako Saruni anakusalimu, na watoto wake wanataka madadu ya rangi. Mpigie mama yako. Usimwambie nini cha kuhisi. Muulize tu Abdulmajid alisema nini.

Ningekuwa karibu ningekutemea kichwani mate ya baraka, kama wazee wetu walivyotutemea. Yapokee kwa njia hii: Engai, Mungu wetu, akulinde njiani na kazini, akupe watu wa kukusomea ukweli, na wewe usome hivyo hivyo kwa wengine.

Ni mimi babu yako, nikupendaye, na sasa unanijua,

Sitonik