Dakika Nne za Malimi

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimeamka saa kumi na mbili. Ng'ombe amekamuliwa na mke wangu, Mama Sesilia, maana mguu wangu bado uko kwenye plasta. Wiki ya tatu hii. Niliteleza mferejini nikifungulia migomba maji. Kutoka kitandani mpaka benchi la nje, hatua kumi na nne. Kutoka benchi mpaka chooni, ishirini na mbili. Hicho ndicho kijiji changu cha Kilema siku hizi.

Naandika kwenye daftari la geti. Nilipostaafu niliondoka na madaftari mawili, moja limejaa, moja tupu. Hakuna aliyeniuliza. Nani angeniuliza? Miaka thelathini na moja nimefungua na kufunga geti la chuo cha sera pale Moshi mjini, wanaposomea watu wa kuendesha serikali. Kusoma nilifundishwa ukubwani, kisomo cha jioni, lakini jina la mtu sikuwahi kukosea. Maprofesa walikuwa wanakosea. Mimi hapana.

Mgeni leo: Neema. Ameingia saa nne na robo. Ni binti wa ofisi mpya pale chuoni, ofisi ya wahitimu. Kazi yake ni kuwatafuta waliomaliza ili wasipotee, warudi, wawashike mkono wanaosoma sasa. Hawapatikani. Barua hazijibiwi. Kompyuta iliyokuwa na majina ilikufa na majina yake. Ndipo mtu akamwambia, nenda kwa mzee wa geti.

Wamechelewa kuja. Ila wamekuja penyewe.

Nimemtajia majina mpaka kalamu yake imekwisha wino. Nani alikuwa anaruka ukuta. Nani alikuwa analala darasani na leo ni mkuu wa wilaya. Mwendo wa kila mtu naujua, hata akija gizani. Ametoka saa saba na nusu, amechoka yeye. Mimi bado nilikuwa na majina.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Neema tena. Ameingia saa tatu.

Wanataka kuwakusanya wahitimu wote siku moja. Nimempa akili. Fanyeni Krismasi, nikamwambia, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani. Akaniangalia. "Nyumbani kwa nani, babu? Mimi kwetu Tanga." Mama Sesilia alikuwa anamenya ndizi, akacheka peke yake mpaka kisu kikamtoka mkononi. Sikuona cha kuchekesha. Desemba huku barabara zinajaa magari ya kila mkoa, mtu unafikiri nchi nzima imerudi Uchagani. Basi, wamepanga Jumamosi tarehe 30 mwezi huu.

Halafu akataja Malimi. Huyo sasa ni mtu mkubwa Dodoma. Mkuu wa chuo anasema Malimi akija wengine wote watamfuata, kama nyuki na malkia wao. Wamemwandikia barua sita. Kimya.

Nikasema, "Malimi? Yule ni mwanangu. Nikimwita mimi, anakuja."

Nilisema kwa sauti. Neema akaandika. Nikaiona kalamu inakwenda, na sikuizuia.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Misa sikwenda. Mguu.

Nimefungua daftari lililojaa. Ukurasa naujua bila kuutafuta. Mwaka ule wa mvua kubwa, siku ya kwanza ya mtihani wa mwisho. Amri ilikuwa geti linafungwa saa mbili kamili asubuhi, na atakayechelewa hafanyi mtihani. Malimi alikuwa amepanga chumba Kiboriloni. Mto ulijaa, akazunguka kwa miguu. Alifika amelowa, viatu mkononi. Nimeandika: *Malimi. Saa mbili na dakika nne. Amerudishwa.*

Alishika vyuma vya geti. Hakulia. Alisema, "Mzee, tazama vizuri saa yako." Nikamwambia saa yangu haijawahi kukosea. Akarudia mwaka mzima kwa sababu ya mtihani ule. Kwao walikuwa wameshauza ng'ombe wa kumsomesha mara moja. Wakauza tena.

Kisa hiki nimekisimulia misibani na harusini miaka yote. Watu wanakipenda. Eti mzee wa geti alimrudisha mtu ambaye leo magari yanampisha njia. Nilikuwa nakisimulia vizuri.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Neema ameleta kadi. Zimechapwa, zinang'aa. Mgeni rasmi: Malimi. Chini yake jina langu, herufi nene, kwamba mimi ndiye nitakayemleta. Anasema bango kubwa limeshatundikwa ukutani chuoni na picha ya Malimi. Mkuu wa chuo amefurahi sana. Kundi la wahitimu kwenye simu limechangamka, kila mtu anauliza kama ni kweli Malimi anakuja. Waliokuwa kimya miaka kumi sasa wanaandika.

Nikasema, "Vizuri."

Amenaswa fuko. Shambani kwangu nategea fuko kwa mti uliokunjwa na kamba. Akiingiza kichwa tu, mti unanyooka. Anayejua kutega ni mimi. Anayening'inia ni mimi.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Nimepata njia.

Isale. Sijui kwa nini sikuifikiria mapema. Jani la isale, lile tunalopanda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani. Kwetu mtu akikukosea, hata kosa kubwa namna gani, akikuletea isale huwezi kumkatalia msamaha. Babu yangu alipatana na watu waliomwaga damu ya ndugu yake kwa jani hilo. Na uzuri wake, aliyekosa hahitaji kusema maneno mengi. Jani linasema.

Mama Sesilia amelikata. Nimelifunga fundo mwenyewe. Neema amelichukua, atalituma Dodoma kwa basi ndani ya bahasha ya kadi. Aliuliza la nini. Nikamwambia Malimi ataelewa.

Leo nimekula vizuri. Mtori bakuli mbili.

Jumatano, tarehe 20 Novemba

Neema. Ameingia saa tano. Amenionyesha picha kwenye simu. Meza kubwa ya ofisi, bendera ndogo, na jani langu limesimama ndani ya glasi ya maji. Chini pameandikwa: *Asante mzee kwa ua. Kwenye mkutano sitakuja.*

Ua.

Mama Sesilia aliketi chini kabisa kwa kucheka. "Baba Sesilia, umempelekea Msukuma isale? Ungempelekea na mtori, akanawie mikono." Halafu akamweleza Neema maana ya jani. Neema hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Kwani babu, ulimkosea nini?"

Nikamwambia jua linazama, ateremke mlima. Ilikuwa saa sita mchana.

Mama Sesilia amenitazama jioni yote bila kuuliza. Miaka arobaini na sita ya ndoa. Akinyamaza namna hiyo ni afadhali anipige.

Alhamisi, tarehe 21 Novemba

Naandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Siku ile ya mtihani, mchana, redio ilipopiga saa saba kamili, nilitazama mkono wangu. Saa yangu ilisoma saa saba na dakika tano.

Malimi hakuchelewa. Alifika ikiwa imebaki dakika moja.

Mtihani ulikuwa umeshakwisha. Ningeweza kwenda kwa mkuu wa chuo wa wakati ule. Kutoka getini mpaka ofisini kwake hatua mia moja na kumi, nilizijua. Nilikaa kibandani. Nikarudisha mshale nyuma dakika tano na kidole changu mwenyewe. Sikumwambia mtu. Padri sikumwambia. Nilifikiri wataninyang'anya geti. Halafu nikawa naogopa watajua kwamba nilinyamaza. Halafu kikawa kisa cha kuchekesha watu, na mimi ndiye shujaa wake.

Ndiyo hiyo. Imeandikwa.

Jumamosi, tarehe 23 Novemba

Mvua. Sebuleni kutwa nzima.

Nimemwambia Mama Sesilia. Aliendelea kupepeta maharage. Mwisho akasema, "Na kila harusi unanikalisha mbele nikusikilize ukijisifu." Akabeba ungo akaenda jikoni.

Nimejaribu barua. Mara tatu nimeanza na salamu, nikaishia kujieleza. Amri ilikuwa kali. Saa ilikuwa ya kupewa. Nimezichana zote.

Chuo nacho nakielewa sasa. Neema alinisomea barua walizomwandikia Malimi. Zote nzuri. *Wewe ni wa familia yetu. Mlango uko wazi.* Mtu aliyefungiwa geti unamwandikiaje kwamba mlango uko wazi? Wako wangapi wengine, sijahesabu. Kila mmoja ana mvua yake.

Jumatatu, tarehe 25 Novemba

Nimeuchana ukurasa kwenye daftari la geti. Tangu nianze kazi sikuwahi kuchana ukurasa. Chini ya mstari wa Malimi nimeandika kwa mkono wangu:

*Saa yangu ilikuwa mbele dakika tano. Nilijua siku ileile. Hukuchelewa. Nilikosa. Nisamehe.*

Maneno kumi na mawili. Yamenichukua siku mbili.

Neema amekuja saa nane. Nilimwambia ampelekee Malimi, asisome. Akasoma, kwa sababu ukurasa hauna bahasha na mimi sikuwa nayo. Alikunja taratibu, akaweka kwenye mkoba. Alisema kitu kimoja tu: "Babu, bango nitaliteremsha kesho." Nikamwambia usiliteremshe. Kwa nini nilisema hivyo? Ukaidi. Mpaka leo.

Alhamisi, tarehe 28 Novemba

Hakuna jibu.

Mvua. Barabara ya kupanda kwetu imekatika pale kwenye kona. Hatua kumi na nne, hatua ishirini na mbili. Simu ya Mama Sesilia nimeilalia. Haikulia.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba

Niliamka saa kumi alfajiri. Nikanyoa. Koti la harusi, tai, suruali imepasuliwa mguu mmoja ili plasta ipite. Nilikaa benchini saa moja asubuhi kungoja gari la chuo.

Saa tatu Neema akapiga simu. Gari limekwama kwenye tope huku chini, haliwezi kupanda. Nikamuuliza, Malimi? Akasema hajaonekana. Ukumbi umejaa nusu, watu wanatazama mlango.

Nilikaa na koti langu mpaka saa kumi jioni. Sikutaka kulivua. Waliokaa ukumbini wanajua sasa kwamba mzee wa geti ni mwongo. Huko ndiko nilikojulikana maisha yangu yote. Hapa juu mimi ni mzee mwenye migomba tu, kama wengine.

Mama Sesilia alinivua tai. Alinipa chai ya maziwa.

Jumapili, tarehe 1 Desemba

Mama Sesilia alikuwa bado kanisani. Nilisikia watu wakipanda kwa miguu. Mmoja Neema. Wa pili mwendo wake niliujua kabla sijamwona. Anaburuta kidogo mguu wa kushoto. Alikuwa hivyo tangu kijana.

Malimi. Amenenepa. Mvi. Viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Kihamba changu kina lango la miti miwili na ubao. Alisimama nje ya ubao. Hakuusukuma. Alisema, "Shikamoo mzee. Saa ngapi?"

Nikatazama mkono wangu. Miaka yote hiyo, na bado nilitazama. Nikasema, "Marahaba. Saa yangu usiiamini. Tazama yako."

Akasema, "Ninayo yangu. Nilikuwa nayo hata siku ile. Nilikuambia utazame vizuri."

Alijua. Miaka yote alijua. Alikuwa anangoja mtu amwambie.

Nilitaka kusimama nikamfungulie, plasta ikanishinda. Neema akanyoosha mkono afungue ubao. Malimi akamzuia. "Mwache. Afungue yeye." Hatua thelathini na moja, na fimbo. Nimezihesabu zote. Wala hakunisaidia. Nilifungua.

Jana alifika kweli, wameniambia. Alichelewa saa nzima, akakaa kiti cha nyuma. Hakukubali kupanda jukwaani. Alisema hotuba hana, amekuja kumwona mlinzi. Alipoambiwa mlinzi amekwama mlimani akalala mjini, akamkataza Neema asinipigie simu. Wenzake walikaa naye mpaka ukumbi ukafungwa, wanaulizana habari, Neema anaandika namba za simu mpaka vidole vimemuuma.

Mama Sesilia aliporudi alipika. Alimweleza habari ya isale. Malimi akasema, "Kumbe. Nilidhani mzee siku hizi anauza maua." Akacheka yeye na Mama Sesilia. Mimi nilicheka baadaye kidogo.

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Alikula. Aliongeza. Nilimwomba ukurasa wangu, nikasema daftari halifai kuwa na pengo. Akakataa. "Huo ni wangu, mzee." Kuhusu chuo alimwambia Neema mwakani labda atasema neno, lakini kwanza watafuteni waliorudishwa getini. Akaniangalia. "Huyu anawajua."

Nawajua. Wako kumi na saba.

Ameingia saa nne kasoro robo. Ametoka saa tisa.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Mvua imekatika. Mlima umefunuka wote asubuhi, halafu umejifunika tena.

Mama Sesilia ameuliza saa. Nimemwambia asikilize kengele ya misheni.

Nimefungua daftari lililojaa. Nimeanza na jina la kwanza kati ya wale kumi na saba. Neema atakuja kesho kulichukua.