Shemasi Anataka Ovaroli Nyingine

Mpendwa Shangazi Wacuka, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la aibu, maana nina hasira hata chakula hakipiti. Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Tena, na mwezi wa pili alinijia Kweyu, mwenye kampuni ya kusambaza nguo za kazi viwandani, shemasi wa kanisa letu, yule anayetoa wa kwanza kila harambee, akaagiza ovaroli thelathini akalipa siku hiyo hiyo, kisha akaagiza mia mbili kwa mkopo, nami nikakopa chama chetu cha akina mama ninunue kitambaa, nikaweka cherehani zangu mbili dhamana, nikashona mpaka vidole vikavimba, akachukua mzigo, na tangu hapo kila nikimdai ni "Vumilia mama, Mungu hachelewi." Miezi mitano! Juzi nilimweleza fundi mwenzangu Opicho wa mtaa wa Lucky Summer, akacheka kicheko kibaya, "Hata wewe, dada? Mimi huu ni mwaka wa pili namdai. Nilinyamaza tu, ni aibu bana." Sasa Kweyu anataka nyingine mia na hamsini, eti nikizileta atalipa zote pamoja, na Jumamosi chama kinakutana, wanawake wanataka pesa yao ama wabebe cherehani. Nishone au nisishone?

Muhonja, Tena

Muhonja, pole. Nimemkasirikia huyo shemasi, na wewe pia nimekukasirikia.

Hebu nijibu. Mwanamke akitaka kuingia chama chenu, si mnatuma watu wamuulize landilodi wake wa zamani kama alihama na deni? Mnamchunguza miezi mitatu kwa mchango wa shilingi mia tano! Kweyu alipotaka ovaroli mia mbili ulimuuliza nani? Ulitazama mkono wake kwenye sahani ya sadaka. Pesa aliyoitoa kwa mbwembwe huenda ilikuwa ya Opicho. Na zile thelathini alizolipa taslimu zilikuwa chambo, ukameza na ndoano yake.

Kampuni nayo ina historia ya madeni. Kabla ya kuipa mzigo kwa mkopo, ulizia ofisi ya usajili wa kampuni wamiliki wake ni nani hasa, mwambie mteja alete ripoti yake ya mikopo kutoka kwa shirika linaloweka rekodi za wadaiwa, halafu tafuta mafundi waliomuuzia. Akinuna, umeshajibiwa.

Usishone hata kifungo. Mwandikie barua ya kudai, umpe siku kumi na nne, utunze oda na karatasi aliyosaini kupokea mzigo. Akikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo, na Opicho naye aende na karatasi zake. Jumamosi nenda chamani mwenyewe, sema yote, omba muda. Watakufokea, na wana haki.

Opicho alinyamaza kwa aibu, wewe ukalipia aibu yake. Ukikataa, Kweyu atatafuta fundi mwingine wa kushona hizo mia na hamsini. Mtafute huyo fundi wewe kwanza, umwambie yote.