Mejumaa, Watoto Wamenipeleka Pwani

Mejumaa wangu,

Nakuandikia nikiwa na mchanga katikati ya vidole vya miguu. Mwanangu Saumu alitaka kuniosha, nikamwambia angoje kwanza nizungumze nawe. Nawe usinicheke mwandiko. Wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu, mwandiko hukuwa nao hata ulipokuwa mzima.

Nina jambo la kuungama. Moyo wangu umechoka, na daktari hanifichi tena, basi afadhali niliseme sasa.

Unaikumbuka siku ya mwisho nilipokuja kukusuka, ukiwa huwezi tena kuinua mkono? Uliniambia, "Riziki, zamu yako ikifika, usiwanyime watoto." Nikakuahidi. Nami nimewanyima.

Sharti lako bado lipo shuleni. Ulipolileta pale chumba cha walimu nilikubishia, maana mwalimu wa historia nilikuwa mimi. Ulisema historia ya Ukunda imo vichwani mwa watu, na mwanafunzi akienda kuichukua nyumbani kwa mtu, asiondoke kabla hajamfanyia kazi, tena kazi ya kuchaguliwa na mwenye nyumba. Tena isiwe kwa somo langu pekee. Hesabu, sayansi, Kiswahili, wote watoke. Nikakuuliza hesabu zinatafuta nini kwa wazee. Wiki ile ile ukawapeleka wanafunzi wako wakaipime njia ya watu inayoshuka baharini kati ya kuta mbili za hoteli, kisha wakawaulize akina mama wanaovua pweza ilikuwa na upana gani walipokuwa wasichana. Walirudi na majibu, mikono ikinuka pweza waliopewa kuponda. Tangu hapo wanaifagia njia ile kila muhula, na hakuna aliyethubutu kuiziba.

Na yule mwalimu wa kemia, kijana wa bara mwenye viatu vya kung'aa! Alikwenda kuulizia maji ya kisima cha zamani, bibi mwenye kisima akamtaka amkamatie jogoo kwanza. Nikimkumbuka alivyoingia chumba cha walimu na manyoya kichwani, mbavu zinaniuma hadi leo.

Sasa mzee wa kuulizwa ni mimi. Tangu nianguke, ua wangu ndio dunia yangu. Mwezi uliopita walikuja wasichana wawili wa kidato cha tatu, Mwanakombo wa Kinondo na Mutheu, ambaye baba yake ni mlinzi hotelini Diani. Walitaka kujua mji huu ulikuwaje kabla ya lami. Niliwaeleza, nikawapa soda. Walipouliza kazi, nikasema sina, nendeni salama.

Nilisema uongo, Mejumaa. Kazi nilikuwa nayo, nikilala nayo na kuamka nayo: kuigusa bahari kabla sijafa. Upepo ukigeuka harufu yake inanifikia hapa kitandani. Lakini mimi, niliyesimama mbele ya watoto wa watu umri wangu wote, niombe kubebwa kama gunia la nazi? Niliona haya. Hata Saumu sikumwambia.

Leo wamerudi. Mwalimu wao hakuipokea kazi yao. Soda si kazi, aliwaambia. Mutheu akaketi mkekani, akanitazama, akasema, "Shosho, umetufelisha."

Mwanakombo akamkanya kwamba huku kwetu mtu husema bibi. Kisha akanigeukia kwa adabu zote. "Shikamoo, bibi. Lakini ni kweli, umetufelisha."

Nilicheka hadi Saumu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Na katika kule kucheka, maneno yakaniponyoka.

"Nipelekeni pwani."

Hawakuniuliza mara mbili. Mutheu alitoka mbio, akarudi na tuktuk, na dereva ni nani? Suleimani, yule uliyemkataza kuhesabu kwa vidole. Alinisalimu kwa heshima, akanionyesha vidole vyake, akasema hadi leo ndivyo vinavyomhesabia chenji.

Tulipofika kwenye njia ya watu tuktuk haikuweza kupita, basi wakaniweka kwenye kiti cha plastiki wakanibeba watatu. Mutheu, pumzi zikimpaa, akauliza ni nani aliyeleta sharti hili la taabu. Nikawaambia ni mwalimu wa hesabu. Nikawasimulia habari zako zote, pamoja na za jogoo, nao wakacheka hadi kiti kikayumba nikashika kichwa cha Suleimani.

Walikitua kiti pale maji yanapokuja na kurudi. Oh, Mejumaa. Nilipiga maji kwa miguu kama mtoto, kanga ikalowa hadi magotini. Wageni wa hoteli walipita wakinipungia mkono, nami nikawapungia kama vile hoteli ni zangu.

Hapo ndipo nilipozikumbuka nywele zako. Siku ile ya kukusuka nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikikupa kitu, kumbe nilikuwa nikipewa.

Tukirudi, Mwanakombo aliniuliza amweleze nini mwalimu. Nikamjibu aseme bibi alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Suleimani akaitikia amina huku akijisugua bega.

Muhula ujao watakuja wengine. Nikiwepo, nakuahidi tena, na mara hii sitakuangusha: watanikuta na kitana mapajani, wanisuke huku nikiwasimulia. Nikiwa nimeshakufuata, Saumu ataniwakilisha kwa kuwapa ufagio waende njiani kwako.

Pumzika, mwenzangu. Ukiniona naja, usinipokee mzigo. Mzigo wenyewe utakuwa kicheko tu. Sasa namwita Saumu aje anioshe miguu.

Riziki wako