Majani ya Katikati

Jumamosi, 7 Septemba
Ukumbi wa Tottenham, asubuhi. Watoto wamesuka ukili, ule mkanda wa kushonea vikapu, kwa majani niliyonunua kwa muuza maua. Somo langu lile lile: kikapu badala ya mfuko wa plastiki. Dada yangu Zuhura, ambaye siku hizi husahau, ameniita kwa jina la marehemu mama yetu. Vidole vyake havikukosea. Watoto humwita Bibi, humjibu kwa Kiingereza, naye hajali. Daktari anasema asifungiwe ndani. Hapa ndipo pekee anapokubali kuja.

Jumamosi, 14 Septemba
Majani yaliisha. Mimi nilikuwa mlangoni na mzazi mmoja. Zuhura akachukua kisu, akatoka na watoto wawili hadi bustani ya ukumbi. Pana mti unaofanana na mkindu. Akakata majani machanga ya katikati, yasiyofunguka, kama alivyofundishwa Makunduchi. Kwetu mkindu huota kichaka. Ukitoa moyo wa mmoja, wenzake wanaendelea. Huu ulikuwa na shina moja.
Aliingia amekumbatia majani, anacheka. Sijamwona hivyo tangu mwaka jana.

Jumapili, 15 Septemba
Msimamizi wa ukumbi, Bwana Peter, amepiga simu. Si mkindu. Aliupanda na marehemu mkewe. Tena kisu, mbele ya watoto. Nimeomba radhi. Hakupaza sauti. Darasa liendelee, ila Zuhura asikanyage tena.
Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nilitafuta hasira, sikuipata. Nikaosha vyombo.

Jumatano, 18 Septemba
Kundi la wazazi kwenye simu. Baba mmoja ameandika: "Kumbe walimu wa mazingira ndio wakata miti." Wengi wamecheka. Ni sentensi nzuri, ningeifanya kichwa cha habari. Mama Aisha, nesi kutoka Mombasa, akamjibu: "Na wewe baba, mwanao hujamletea hata jani moja. Tulia."
Zuhura anauliza kila asubuhi kama leo Jumamosi. Namwambia bado.

Jumamosi, 21 Septemba
Nimekwenda peke yangu. Zuhura nimemwacha na jirani. Watoto walisuka vizuri hadi pa kuunga jani jipya. Hapo sijui. Zuhura alipokuwa akijifunza, mimi nilikuwa nasoma magazeti. Ukili ukafumuka mikononi mwao. Aisha aliuliza Bibi yuko wapi. Nikasema anaumwa. Si uongo.
Niliporudi, Zuhura alikuwa amekaa karibu na mlango, koti mwilini, viatu miguuni. Jirani alisema amekataa kuvua. Nilimvua mimi. Hakupinga. Afadhali angepinga.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimempigia Bwana Peter. Nikamwahidi kisu kitabaki nyumbani, na mimi sitaondoka ubavuni mwa dada yangu. Akasema pole, hapana.
Nikamwambia basi na mimi siji. Wazazi nimewaarifu kwa mstari mmoja. Sina cha kuongeza.

Alhamisi, 26 Septemba
Zuhura hakuuliza siku.

Jumamosi, 28 Septemba
Mvua. Hodi mlangoni, sikutarajia mtu. Mama Aisha, na Aisha, na watoto wengine wawili wa darasa. Wamebeba gunia la majani marefu, makavu, waliyookota chini ya miti kama ule, kwenye bustani za Walthamstow.
"Yameanguka yenyewe, shangazi," akasema Mama Aisha. "Hatukukata hata moja. Waulize."
Zuhura alichukua jani, akalikunja. Likavunjika. Alilitazama sana. Kisha akasema: "Haya hayasukiki. Yalowekeni kwanza, wanangu."
Beseni halikutosha. Tukajaza bafu. Watoto waliloa hadi mabegani, wakaleta majani jikoni moja moja, Zuhura akiyachana kwa ukucha. Aisha akaunga jani la kwanza, mkono wa Zuhura juu ya wake. Mimi nilipika chai.
Walipoondoka nilipiga deki. Zuhura akaniuliza wale ni watoto wa nani.
Nikamwambia, wako.
Akasema haya, na akaendelea kuchana.